Kusakinisha Inkscape na zana zake saidizi: mwongozo kamili kwa Windows, Mac na Linux

Inkscape ni programu ya kuchora michoro ya vekta, yaani ya mistari na maumbo badala ya pikseli. Kuisakinisha yenyewe ni kazi ya dakika chache, na wengi wanaokwama hawakwami hapo. Wanakwama baadaye: faili la mchoro la EPS halifunguki, fonti iliyowekwa jana haionekani kwenye orodha, kiendelezi (programu ndogo ya nyongeza) kinatoa dirisha la makosa ya Python, au mchapaji analalamikia rangi za PDF. Basi mtu anaiondoa programu, anaisakinisha upya, na tatizo linabaki palepale. Mara nyingi Inkscape haina kosa. Kuna zana ya pembeni ambayo Inkscape inaitegemea, nayo ama haikuwekwa kabisa, ama imewekwa mahali ambapo Inkscape haiioni.

Kwa hiyo fuata kanuni moja tangu mwanzo hadi mwisho: sakinisha kitu kimoja, kipime, ndipo uende kwenye kinachofuata. Ukiweka vitano kwa mpigo na kimoja kikagoma, hutajua uanzie wapi.

Majina ya menyu nimeyaacha kama yanavyosomeka kwenye skrini ya Kiingereza, maana ndivyo utakavyoyatafuta.

## Andaa hivi kwanza

- Kompyuta yenye Windows 10 au 11 ya biti 64, Mac, au Linux.
- Nafasi ya GB 2 kwenye diski. Inatosha kwa kila kitu kilichomo humu.
- Haki za msimamizi kwenye kompyuta hiyo. Kama huna, kwa mfano unatumia kompyuta ya ofisi iliyofungwa, ipo njia kwenye hatua ya 1.
- Intaneti ya kutosha. Kisakinishi cha Inkscape cha Windows peke yake kina zaidi kidogo ya MB 100.
- Inkscape, kutoka inkscape.org.
- Ghostscript, kutoka ghostscript.com. Ndiyo inayosoma mafaili ya EPS na PS.
- Fonti moja yenye jina linaloishia na .ttf au .otf, ambayo hujawahi kuiweka. Tutaitumia kupimia.
- Scribus, kutoka scribus.net. Hii ni kwa wanaopeleka kazi kiwandani kuchapwa, wengine iacheni.

### Na hivi usihangaike navyo

Python, lugha inayoendesha viendelezi: kwenye Windows na Mac, Inkscape inakuja na Python yake ndani. Ukisakinisha nyingine pembeni, Inkscape haitaitumia, na utaishia kuongeza maktaba kwenye Python isiyohusika.

Potrace: kazi ya kugeuza picha ya pikseli kuwa vekta imo ndani ya Inkscape tayari, chini ya «Path», kisha «Trace Bitmap».

XQuartz: ilihitajika kwenye Mac enzi za matoleo ya 0.92. Tangu toleo la 1.0 la mwaka 2020 haihitajiki. Mwongozo wowote unaokuambia uiweke ni wa kale, ufunge.

## Hatua ya 1: Pakua toleo sahihi

Nenda inkscape.org moja kwa moja kwa kuandika anwani mwenyewe. Usibofye tangazo lililo juu ya matokeo ya utafutaji. Inkscape ni ya bure na ni programu huria, kwa hiyo tovuti yoyote inayodai malipo, au inayokupa «kipakuzi» kidogo badala ya programu yenyewe, inakupeleka pabaya.

Windows utakuta chaguo kadhaa, na hapa ndipo watu huchukua lolote lililo karibu:

- exe ni ya mtumiaji wa kawaida. Chukua hii. Inakuuliza maswali machache, likiwemo la PATH tutakalolihitaji.
- msi ni ya wasimamizi wanaoweka programu kwenye kompyuta nyingi kwa wakati mmoja.
- 7z ni folda iliyobanwa. Haihitaji haki za msimamizi: ifungue kwa 7-Zip, ingia kwenye folda ya `bin`, bofya `inkscape.exe`. Hii ndiyo njia ya wenye kompyuta zilizofungwa.

Ipo pia ya Microsoft Store. Inafanya kazi ya kuchora vizuri tu, lakini Windows huificha kwenye folda ya WindowsApps, ambayo huifungui kirahisi. Siku utakapotaka kuingia kwenye mafaili yake utaumia kichwa. Mimi naikwepa.

Mac: yapo mafaili mawili ya dmg, moja la Intel na jingine la arm64, yaani mashine zenye chipu za Apple. Bofya alama ya tufaha juu kushoto, kisha «About This Mac». Ukiona M1, M2 au namba ya juu zaidi, chukua arm64. Toleo la Intel nalo litafunguka kwenye mashine hizo kupitia Rosetta, ila litakuwa zito, na wewe utadhani Inkscape ndiyo nzito.

Linux: soma sehemu yake kwenye hatua inayofuata kabla ya kupakua chochote.

## Hatua ya 2: Sakinisha

### Windows

1. Kama kuna toleo la zamani, liondoe kwanza kupitia «Settings», «Apps». Hasa kama la zamani liliwekwa kwa msi na jipya ni exe, au kinyume chake. Aina hizi mbili hazifutani vizuri, na unaweza kubaki na Inkscape mbili bila kujua unafungua ipi.
2. Bofya mara mbili faili la exe. Windows ikitoa dirisha la buluu la tahadhari, bofya «More info» kisha «Run anyway». Fanya hivyo tu kama faili umelitoa inkscape.org.
3. Ukifika kwenye swali la PATH, chagua kuongeza Inkscape kwenye PATH. Chaguo la kawaida huwa ni kutoongeza, na wengi hubofya «Next» bila kusoma. PATH ni orodha ya folda ambazo Windows huzipitia inapotafuta programu kwa jina lake. Bila Inkscape kuwemo, amri za hatua ya 8 hazitakubali.
4. Acha vipengele vyote vikiwa na alama ya tiki. Kuondoa Python au viendelezi ili kuokoa nafasi ni kujitafutia makosa ya baadaye.

Wanaopenda amri wanaweza kufupisha yote kwa mstari mmoja:

`winget install Inkscape.Inkscape`

### Mac

Fungua dmg, buruta alama ya Inkscape uiweke kwenye folda ya Applications, kisha toa dmg. Usiifungue programu ikiwa bado ndani ya dmg: itafanya kazi leo, kesho ukiitoa dmg utasema programu imepotea.

Mwenye Homebrew, kisakinishi cha programu kwa amri, aandike `brew install --cask inkscape`.

### Linux

Hapa tatizo ni wingi wa njia. Chagua moja, usichanganye. Inkscape ya apt na ya Snap zikikaa pamoja, kila moja ina mipangilio yake na folda yake ya viendelezi, na utabadilisha kitu kwenye moja huku ukitazama nyingine.

Ubuntu na jamaa zake, kwa toleo jipya:

`sudo add-apt-repository ppa:inkscape.dev/stable`
`sudo apt update`
`sudo apt install inkscape`

Hazina hiyo ya PPA ni ya Ubuntu na mifumo iliyojengwa juu yake. Usiiweke kwenye Debian. Huko tumia hazina ya Debian yenyewe au Flatpak.

Fedora: `sudo dnf install inkscape`

Flatpak: `flatpak install flathub org.inkscape.Inkscape`

AppImage: pakua faili, lipe ruhusa kwa `chmod +x`, kisha lifungue. Kwenye Ubuntu 22.04 linaweza kulalamika kuhusu FUSE. Tiba yake ni `sudo apt install libfuse2`. Kwenye Ubuntu 24.04 jina la kifurushi hicho ni `libfuse2t64`.

Nishauri ipi? Ukitaka viendelezi vingi na mafaili ya EPS, chukua ya apt au dnf, kwa kuwa inaona zana zote za mfumo. Flatpak na Snap zinaiweka programu ndani ya uzio: zinabeba Python yao, na Ghostscript unayoisakinisha kwa apt haionekani kutoka humo. Anayechora tu na kuhifadhi SVG hatauhisi uzio huo kamwe.

Kwa watumiaji wa Snap, mafaili yaliyo kwenye flashi hayaonekani mpaka uruhusu hivi:

`sudo snap connect inkscape:removable-media`

## Hatua ya 3: Ifungue mara ya kwanza, na uwe mvumilivu

Mara ya kwanza Inkscape husoma fonti zote za kompyuta na kuziorodhesha. Mwenye fonti nyingi atasubiri, pengine dakika kadhaa, bila kuona dirisha lolote. Usibofye alama tena na tena, na usiizime kwa nguvu katikati, kwani mara ijayo italazimika kuanza kusoma upya. Mara ya pili itafunguka haraka.

Dirisha la makaribisho litakuuliza mwonekano na mpangilio wa vitufe vya kibodi. Chagua unavyopenda, vyote vinabadilishika baadaye.

Sasa pima, kabla ya kwenda mbele:

1. Chora mraba, uweke rangi.
2. Hifadhi kama SVG. Lifungue faili hilo kwa kivinjari chako. Mraba unaonekana? Vizuri.
3. Bonyeza Shift+Ctrl+E, toa picha ya PNG. Ifungue.
4. Nenda «Extensions», «Render», «Barcode», kisha «QR Code». Andika neno lolote, bofya «Apply».

Jaribio la nne ndilo lenye uzito. Msimbo wa QR huchorwa na kiendelezi cha Python, kwa hiyo ukitokea, ujue Python ya ndani inafanya kazi pamoja na maktaba zake za msingi. Mtu akiniambia «viendelezi havifanyi kazi», hili ndilo swali langu la kwanza: QR inatokea?

Kwenye Linux, likija kosa linalotaja `lxml`, `numpy` au `cssselect`, maana yake vifurushi saidizi vimeachwa, mara nyingi kwa sababu mfumo umepangwa kusakinisha yale ya lazima tu. Viongeze:

`sudo apt install python3-lxml python3-numpy python3-cssselect scour`

Hiyo ya mwisho, scour, ndiyo inayotumika unapohifadhi faili kama «Optimized SVG».

## Hatua ya 4: Ghostscript, mahali wengi wanapoangukia

Jambo linalowachanganya watu ni hili: Inkscape inaandika EPS bila msaada wowote, lakini kusoma EPS inahitaji Ghostscript. Mtu anahifadhi kazi yake kama EPS, inakubali, kesho anataka kuifungua, inakataa. Anadhani faili limeharibika. Faili ni zima.

Na kuna jambo la pili. Inkscape inapoanza hukagua kama kila kiendelezi kina zana kinazozihitaji. Kisichotimiza masharti hukizima kimyakimya na kuandika sababu kwenye faili la `extension-errors.log` ndani ya folda ya mipangilio yako. Haikuambii kwa dirisha. Ndiyo maana ukisakinisha Ghostscript huku Inkscape iko wazi, hakuna kitakachobadilika mpaka uifunge na kuifungua tena.

### Windows

1. Kwenye ghostscript.com, sehemu ya kupakua, utaona leseni mbili: AGPL na ya biashara. Chukua AGPL, biti 64.
2. Isakinishe, ukiiacha folda iliyopendekezwa na kisakinishi ilivyo. Itakaa mahali kama hapa, namba ikifuata toleo lako:

`C:\Program Files\gs\gs10.05.1`

3. Fungua folda hiyo kwa macho yako. Ndani kuna `bin` na `lib`. Zote mbili ziingie kwenye PATH. Programu yenyewe, `gswin64c.exe`, iko kwenye `bin`, lakini `ps2pdf.bat`, inayogeuza PostScript kuwa PDF, iko kwenye `lib`. Ukiweka `bin` peke yake, Ghostscript itaitika ukiiita, ilhali Inkscape bado itakataa EPS. Hili ndilo kosa namba moja.
4. Bonyeza kitufe cha Windows, andika `environment variables`, fungua «Edit the system environment variables», kisha «Environment Variables». Kwenye kisanduku cha chini, «System variables», chagua mstari wa `Path`, bofya «Edit», halafu «New», na ubandike njia ya kwanza. Bofya «New» tena, bandika ya pili:

`C:\Program Files\gs\gs10.05.1\bin`
`C:\Program Files\gs\gs10.05.1\lib`

Tahadhari: usifute mistari uliyoikuta. Hiyo ni ya programu nyingine, na ukiifuta zitaanza kugoma moja baada ya nyingine. Bofya OK kwenye madirisha yote matatu. Ukifunga kwa alama ya X, mabadiliko hayahifadhiwi.

5. Fungua dirisha jipya la Command Prompt. Lile lililokuwa wazi bado linashika PATH ya zamani. Andika:

`gswin64c --version`
`where ps2pdf`

Amri ya kwanza irudishe namba ya toleo. Ya pili irudishe njia inayoishia na `lib\ps2pdf.bat`. Ikija `Could not find files`, rudi namba ya 4. Karibu kila mara ni herufi moja iliyokosewa kwenye njia, au `lib` iliyosahaulika.

6. Funga Inkscape, ifungue tena.

### Linux

`sudo apt install ghostscript`

Pima kwa `gs --version`. Hakuna PATH ya kuhangaikia hapa.

### Mac

Jaribu kwanza kufungua EPS moja kwa moja. Ikikataa, weka Ghostscript kwa `brew install ghostscript`, kisha ligeuze faili mwenyewe kwenye Terminal:

`ps2pdf -dEPSCrop nembo.eps nembo.pdf`

Halafu ifungue PDF hiyo ndani ya Inkscape. Kipande cha `-dEPSCrop` hakina mbadala: bila hicho mchoro mdogo hutua kwenye kona ya karatasi nzima, au hukatwa kando. Njia hiihii ndiyo inayowaokoa watumiaji wa Flatpak na Snap.

### Utajuaje umefaulu

Rudi kwenye mraba wako wa hatua ya 3. Nenda «File», «Save a Copy», chagua EPS. Kisha ufungue mchoro huo kwa «File», «Open». Ukiuona mraba, na unaweza kuubofya na kuubadilisha rangi, umemaliza sehemu ngumu kuliko zote.

Ukisema «nimefuata yote ila bado», fungua `extension-errors.log`. Njia ya kufika: «Edit», «Preferences», «System», pale utaona mahali folda ya mipangilio ilipo. Tafuta mstari unaotaja `ps2pdf`. Ukiwepo, Inkscape bado haiioni.

## Hatua ya 5: Fonti

Kwenye Windows, ukibofya fonti mara mbili na kuchagua «Install», huwekwa kwa mtumiaji aliyeingia tu, ndani ya folda yake binafsi. Baadhi ya matoleo ya Inkscape hayakuitazama folda hiyo. Njia isiyo na utata: bofya fonti kwa kitufe cha kulia, chagua «Install for all users». Na itoe kwanza kwenye zip. Kubofya fonti ikiwa bado ndani ya zip ni chanzo kingine cha «nimeiweka lakini haionekani».

Kwenye Linux, iweke kwenye `~/.local/share/fonts` kisha:

`fc-cache -f -v`

Kwenye Mac, bofya mara mbili na uache Font Book ifanye kazi yake.

Funga Inkscape na kuifungua tena, kisha andika jina la fonti kwenye kisanduku cha maandishi. Likitokea na herufi zikabadilika umbo, tayari.

Zile fonti za zamani za Type 1, zinazoishia na .pfb na .pfm, hazitaonekana hata ufanyeje. Inkscape huchora maandishi kwa maktaba ya Pango, nayo Pango iliacha kuzisaidia tangu toleo la 1.44 la mwaka 2019. Tafuta nakala ya .otf ya fonti hiyohiyo.

## Hatua ya 6: Viendelezi vya ziada

Matoleo mapya yana «Manage Extensions» chini kabisa ya menyu ya «Extensions». Ikipatikana humo unachokitafuta, kichukue humo.

Vingine huja kama zip. Kila kiendelezi kina angalau mafaili mawili: la `.inx` linaloieleza Inkscape kiendelezi kinaitwa nani na kina vitufe gani, na la `.py` lenye kazi yenyewe. Yote mawili yaende kwenye folda ya viendelezi vya mtumiaji:

- Windows: `%APPDATA%\inkscape\extensions`
- Linux: `~/.config/inkscape/extensions`
- Flatpak: `~/.var/app/org.inkscape.Inkscape/config/inkscape/extensions`
- Mac: `~/Library/Application Support/org.inkscape.Inkscape/config/inkscape/extensions`

Usiviweke ndani ya Program Files. Siku utakapopandisha toleo, vitafutwa.

Angalia pia folda isijifunike mara mbili. Zip nyingi zikifunguliwa hutoa folda ndani ya folda yenye jina lilelile, na mafaili yakizama mbali namna hiyo kiendelezi kinaweza kugoma. Fungua Inkscape upya, utafute jina la kiendelezi kwenye menyu. Na kumbuka kwamba faili la `.py` ni programu kamili yenye uwezo wa kugusa mafaili yako, kwa hiyo usichukue kutoka kwa usiyemjua.

Kiendelezi kilichoandikwa kwa ajili ya 0.92 mara nyingi hakikubali kwenye 1.0 na kuendelea. Usipoteze jioni nzima kukirekebisha, tafuta kilichosasishwa.

## Hatua ya 7: Scribus, kwa wanaochapisha

PDF inayotoka Inkscape ina rangi za RGB, zile za skrini. Mitambo ya uchapaji hutumia CMYK, zile za wino. Scribus ndiyo inayoziba pengo hilo bila kukutoza.

Isakinishe baada ya Ghostscript, kwa sababu nayo huitegemea kuonyesha mwoneko wa kabla ya kuchapa na kusoma EPS. Ikianza bila kuiona, itakueleza.

Kuupeleka mchoro huko:

1. Kwenye Inkscape, hifadhi nakala ya kazi yako. Kwenye nakala hiyo, chagua maandishi yote, kisha «Path», «Object to Path». Herufi zinageuka maumbo na hazitategemea tena fonti. Ndiyo maana inafanywa kwenye nakala: maandishi hayo hayahaririki tena kama maandishi.
2. Kwenye Scribus: «File», «Import», «Get Vector File».
3. Bofya popote kwenye ukurasa uutue mchoro.

Vivuli laini na ukungu uliowekwa kwa vichujio vya Inkscape havitavuka salama. Scribus haivisomi kutoka kwenye SVG. Sehemu hizo zigeuze kwanza kuwa picha za pikseli 300 kwa inchi.

Umefaulu ukiona rangi za mchoro zimeorodheshwa chini ya «Edit», «Colors and Fills», ambako unaweza kuzigeuza kuwa CMYK moja moja.

## Hatua ya 8: Kuiita Inkscape kwa amri

Hii ni ya hiari, ila mwenye nembo arobaini za kugeuza kuwa PNG ataishukuru. Fungua Command Prompt au Terminal (kwenye Mac amri hii iko tayari kwa aliyesakinisha kwa Homebrew), ingia kwenye folda ya mafaili yako:

`inkscape --version`
`inkscape --export-type=png --export-dpi=300 nembo.svg`

Litatokea faili la `nembo.png` pembeni ya lile la awali. Kwa mafaili yote kwa mpigo, Linux na Mac:

`inkscape --export-type=png *.svg`

Kwenye Windows alama ya nyota haipanuliwi na Command Prompt, hivyo:

`for %f in (*.svg) do inkscape --export-type=png "%f"`

Ukikuta mahali pameandikwa `--export-png`, hiyo ni amri ya 0.92. Na kwenye Windows ikijibu kwamba haiitambui `inkscape`, ongeza `C:\Program Files\Inkscape\bin` kwenye PATH kwa njia uliyokwisha kuijua.

## Ikianza kufanya vituko

Vidirisha vimepotea, vitufe havijibu, inafunga yenyewe ikianza: usikimbilie kuiondoa. Kuondoa na kurudisha hakugusi folda ya mipangilio yako, na kosa mara nyingi limo humo.

Nenda «Edit», «Preferences», «System», bofya «Reset Preferences». Kama haifunguki kabisa, ingia kwenye folda ya `inkscape` ndani ya `%APPDATA%` au `~/.config`, ubadilishe jina la `preferences.xml` liwe `preferences-zamani.xml`. Inkscape itajitengenezea jipya. Viendelezi vyako havitaguswa.

## Ukija kusasisha

Inkscape ikisasishwa, rudia jaribio la QR. Ghostscript ikisasishwa kwenye Windows, folda yake inabadilika jina kwa kuwa namba ya toleo imo ndani ya jina hilo. Mistari miwili uliyoiweka kwenye PATH inabaki ikielekeza kwenye folda isiyokuwepo, na EPS inaacha kufunguka bila maelezo. Irekebishe mistari hiyo siku ileile, ufungue Command Prompt mpya, uandike tena `where ps2pdf`.